Mshale Kutoka Juu ya Mti: Lini Windo Huwa Halali?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeviumba viumbe vya bara na vya majini, akatuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Makala haya yalianza na simu ya mkononi. Siku moja baada ya darsa ya Alasiri tuliwakuta wanafunzi wetu wakubwa wamemzunguka mwenzao mmoja, wanatazama picha za video. Mtu mmoja huko Marekani alikuwa amening'inia kwenye shina la mti, amefungwa mkanda kiunoni, upinde mkononi. Chini ya mti akapita mnyama mwenye mapembe kama matawi. Yule mtu akavuta, akaachia, na mnyama akakimbia hatua chache akaanguka.

Wakatuuliza, "Ustadh, kama yule mtu angekuwa Muislamu, nyama ile ingekuwa halali? Mbona hakumchinja?"

Kabla hatujajibu, binti mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile nyama inayoletwa nyumbani usiku kwenye mfuko, nayo je?"

Wote wakanyamaza. Sisi tunaoishi Bukoba na Muleba tunaufahamu mfuko huo. Huletwa baada ya Isha na mtu asiyetaka kukaa, bei yake ni ya chini kuliko ya buchani, na anayeuleta hasemi ametoka nao wapi. Tukawaahidi wanafunzi kwamba swali lao halitajibiwa kwa neno moja, na kwamba majibu tutayaandika katika jarida la mwaka huu ili na wazazi wayasome. Ahadi ni deni, na deni letu tunalilipa hapa.

YULE MTU JUU YA MTI ALIKUWA AKIFANYA NINI?

Mnyama waliyemwona ni kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe. Wanyama wa ukoo wake hawafanani sana na swala wetu. Mapembe yao huanguka kila mwaka na kuota upya, na kwa kawaida dume ndiye mwenye mapembe. Hapa kwetu pongo, nzohe na swala wengine wana pembe zisizoanguka maisha yao yote. Katika bara zima la Afrika ukoo ule wa kulungu wa asili unapatikana kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia.

Mwindaji wa upinde ana shida moja kubwa: lazima awe karibu. Mwenye bunduki anaweza kupiga kutoka mbali, lakini mwenye upinde anayejua mipaka yake husubiri hadi mnyama awe hatua ishirini au thelathini hivi. Mnyama naye ana pua kali na masikio makali. Kwa hiyo mwindaji hupanda mti kabla ya mapambazuko, akakaa kimya saa nyingi. Akiwa juu, harufu yake haimfikii mnyama kwa urahisi, na wanyama wengi hawana desturi ya kutazama juu.

Kifaa alichotumia wenyewe hukiita tandiko, kama tandiko la farasi. Ni mkanda mpana unaoshika nyonga na mapaja, umefungwa kwa kamba kwenye shina la mti juu ya kichwa cha mwindaji. Yeye huegemea nyuma akaukalia, miguu ameikanyaga kwenye kibao kidogo kilichofungwa shinani. Wakati wa kupanda na kushuka anazungusha kamba nyingine kwenye shina, kama fundi wa umeme anavyofanya juu ya nguzo. Desturi yao ni kwamba mguu hauachi ardhi kabla ya kamba kufungwa, kwa sababu wawindaji wengi wa juu ya miti wanaoumia hawaumizwi na mshale wala mnyama. Wanaumizwa na kuanguka.

Kusubiri karibu na windo si jambo geni kwetu. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi yetu, wanawinda kwa upinde hadi leo. Wakati wa kiangazi hujificha usiku karibu na mahali wanyama wanapokunywa maji, wakangoja. Na wanapotaka asali hupigilia vigingi vya mti kwenye shina la mbuyu, wakapanda kigingi baada ya kigingi. Huko pwani mkwezi wa minazi huchonga hatua shinani ili apate pa kukanyaga, na kila hatua inaitwa kidato. Ni neno hilo hilo tunalotumia kwa madarasa ya sekondari. Anayepanda elimu hupanda kama mkwezi: hakanyagi cha tatu kabla ya cha pili.

UPINDE KATIKA DINI YETU

Upinde una heshima katika Uislamu. Nabii Ismail (A.S.) alikuwa mpiga mshale, na Mtume (S.A.W.) aliwahimiza vijana wa kabila la Aslam wapige mishale kwa kuwakumbusha kwamba baba yao huyo alikuwa hodari wa kazi hiyo. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari. Sayyidna Hamza (R.A.), ami yake Mtume, alikuwa mwindaji. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba siku aliyosilimu alikuwa anarudi kutoka kuwinda, upinde ungali mkononi. Na Sayyidna Saad bin Abi Waqqas (R.A.) ndiye wa kwanza kurusha mshale katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Hapa Buhaya nako kuwinda ni kazi ya kale. Wazee walitoka kwa mikuki, mbwa na nyavu. Chuma walikijua mapema mno: wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Katuruka, huko Maruku, na eneo la Kemondo, walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Na kabla ya Uislamu kufika, mwindaji aliyekwenda porini alimtambikia Irungu, aliyeaminiwa kuwa mwenye pori na wanyama wake.

Tunayataja haya ili tuelewe uzito wa Bismillahi katika uwindaji. Mwindaji wa zamani alijua kwamba pori si lake, kwamba yuko mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Uislamu ukatufundisha mwenyewe ni nani. Anayetaja jina la Mwenyezi Mungu (S.W.) anapoachia mshale anakiri kwamba roho anayokwenda kuitoa haikuumbwa na yeye, na kwamba anaichukua kwa idhini ya Aliyeiumba. Kilichotajiwa jina la mwingine wakati wa kuchinja kimeharamishwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida.

MASHARTI YA WINDO LA MSHALE

Sasa tujibu swali la kwanza. Kwa kawaida mnyama huwa halali kwa kuchinjwa kooni. Lakini mnyama wa porini hashikiki. Kwa rehema Zake Mwenyezi Mungu (S.W.) ameruhusu kwamba jeraha la silaha ya mwindaji, popote litakapompata mnyama huyo mwilini, lisimame mahali pa kuchinja. Ruhusa hii ina masharti, na mengi yake yametoka katika maswali ya sahaba wawili waliokuwa wawindaji: Adi bin Hatim na Abu Thaalaba al-Khushani (R.A.). Tunayaeleza kwa ufupi.

1. Mwindaji awe mtu ambaye kichinjo chake kinafaa kuliwa: Muislamu mwenye akili, au Ahlul Kitabu kwa rai ya wanachuoni wengi. Aliyehirimia Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa bara, na ndani ya Haram ya Makka haruhusiwi mtu yeyote.

2. Mnyama awe wa kuliwa. Mnyama mwenye meno ya chonge anayerarua kwayo, na ndege mwenye kucha za kunyakulia, hawawi halali hata ukiwapiga kwa Bismillahi mia. Tena awe mnyama asiyeshikika. Mbuzi wa bandani, au swala aliyekwisha kamatwa, hana njia ila kisu.

3. Silaha ijeruhi kwa makali au ncha yake. Adi (R.A.) aliuliza kuhusu mshale usio na manyoya, ambao mara nyingine hupiga kwa ubavu. Akajibiwa kwamba ukipiga kwa ncha ukatoboa, ale. Ukipiga kwa ubavu ukaua, asile, kwa sababu huyo ni mawquudha, yaani aliyekufa kwa kipigo. Shikeni vizuri sharti hili. Tutalirudia.

4. Atakaporusha ataje jina la Mwenyezi Mungu na akusudie kuwinda. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.) kutaja ni sunna iliyokokotezwa, na kwa wengi wa wanachuoni wa madhehebu mengine ni wajibu. Muislamu mwenye tahadhari haachi.

5. Amfuate windo lake. Akimkuta angali hai, uhai wa kutulia, ni lazima amchinje. Akimkuta amekwisha kufa kwa jeraha lile, ni halali.

6. Kifo kisiwe na sababu nyingine iliyochanganyika. Mnyama akipotea siku nzima kisha akaonekana amekufa, hana alama ila ya mshale wako, hadithi ya Adi inaruhusu kumla. Akikutwa ndani ya maji asiliwe, kwa sababu hujui kilichomuua ni maji au mshale wako.

Kwa hiyo jibu ni hili: yule mtu wa kwenye video angekuwa Muislamu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, mshale wenye kigumba kikali ukamtoboa kulungu akafa kabla hajafikiwa, basi nyama ile ingekuwa halali bila kisu. Na akimkuta anapumua, kisu kinarudi mahali pake.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Sasa tazama yule aliyengoja juu ya mti. Risasi huua kwa kishindo, lakini mshale huua kwa kukata na kumwaga damu. Kigumba butu, au mkono uliorusha kutoka mbali, humwacha mnyama na jeraha la siku tatu porini. Mwindaji mwema huketi saa sita, na mnyama akipita vibaya, ubavu umefichwa na tawi, anamwacha aende zake. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yake. Kuvuta upinde hata mtoto hufundishwa akaweza. Kuuacha usivutike ndilo somo lenyewe.

NZOHE NA MAJI YA BWAWANI

Mfano mmoja wa kwetu utaisaidia akili. Katika majimbi na mafunjo ya ziwa letu anaishi nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hatopei. Akitishwa hukimbilia majini, na anaweza kuzama mwili wote akabakiza pua tu. Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, kinajulikana sana kwa wanyama hawa.

Sasa fikirini: mtu amempiga nzohe mshale. Naye kwa tabia yake amekimbilia kwenye maji, akazama. Baadaye akakutwa anaelea. Ni mshale au ni maji? Hili ndilo suala alilolizungumzia Mtume wetu (S.A.W.) kule Madina, zaidi ya miaka 1400 iliyopita, nalo limekaa sawasawa juu ya kinamasi cha Kagera. Asiliwe. Anayesoma fiqhi akidhani ni mambo ya Waarabu wa jangwani na atembee hadi ukingo wa mafunjo.

KINACHOFIKIWA NA MKONO

Tuje sasa katika lile swali la binti yetu, nalo ndilo zito zaidi.

Katika aya ya 94 ya Suratul Maida Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ibainike nani anamwogopa hali hamwoni. Wafasiri wanaeleza kwamba mwaka wa Hudaybiya, nao ni mwaka wa 6 Hijria, sahaba walikuwa wamehirimia, na wanyama wa porini walikuwa wakiwasogelea kiasi kwamba mtu angeweza kumkamata kwa mkono. Nyama tamu, tena asili yake halali, lakini kwa wakati ule wameambiwa: usiguse. Mtihani ukawa katika ukaribu wake.

Sisi hatujahirimia, lakini ukaribu tunao. Burigi-Chato imefanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, ikiwa na kilomita za mraba 4,707, na sehemu yake imo katika wilaya yetu ya Muleba. Mwaka huo huo zikapandishwa hadhi Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Upande wa kaskazini, wilaya ya Missenyi, kuna msitu wa Minziro unaopakana na Uganda. Na jioni pongo hutoka kichakani akala pembeni mwa rweya, karibu na migomba ya watu. Mkono unafika.

Lakini wanyama hawa ni wa nani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuwinda. Nje yake ni kwa leseni. Sumu, matanzi, mashimo na moto vimekatazwa. Tena kukutwa na nyama isiyo na kibali ni kosa, hata kama hukuwinda wewe. Lugha ya sheria huiita nyara za Serikali, na watu wamefungwa miaka mingi kwa ajili yake.

Wako wanaosema, "Mwenyezi Mungu ameruhusu, serikali imekataza, sisi tunamfuata Mwenyezi Mungu." Maneno haya yana sura ya ucha Mungu lakini ndani yana tamaa. Kuruhusiwa kitu si kuruhusiwa kukichukua kwa njia yoyote. Ng'ombe ni halali, lakini wa jirani si wako. Mali ya umma ni amana ya watu wote pamoja na watoto ambao hawajazaliwa, na anayejichukulia peke yake amewadhulumu wote. Na kumtii mwenye mamlaka katika jambo jema ni amri iliyomo katika Suratun Nisaa, aya ya 59.

Huko Marekani kwenyewe tuna funzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe alikuwa amewindwa kwa ajili ya biashara hadi wakabaki, kwa makadirio, nusu milioni au pungufu katika nchi kubwa namna ile. Zikatungwa sheria, uuzaji wa nyama ya porini ukapigwa vita, misimu ya kuwinda ikapangwa, na mwaka 1937 ikapitishwa sheria iliyoelekeza kodi ya silaha na risasi za uwindaji kwenye kuhifadhi wanyama. Leo wapo kwa makumi ya mamilioni. Yule bwana wa kwenye video anawinda kwa sababu babu zake walikubali kuzuiwa.

ILE NYAMA YA MFUKO

Mnyama aliyemo katika mfuko ule amekufaje? Mara nyingi kwa tanzi la waya. Waya hufungwa njiani, mnyama akaingiza shingo, akavuta, ukamkaza, na mtegaji huja kuangalia kesho yake au kesho kutwa. Akimkuta amekufa, huyo ni munkhaniqa, aliyekufa kwa kunyongwa, naye ametajwa kwa jina katika aya ya 3 ya Suratul Maida pamoja na mzoga na damu. Hapa hakuna haja ya kufika kwenye sheria ya nchi. Ni haramu kama nguruwe alivyo haramu. Aliyetiwa sumu hali yake ni hiyo hiyo. Hata mshale uliopakwa sumu, sumu ikisaidia kuua, wanachuoni wameukataa.

Na kama aliwahiwa akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu? Hatusemi kwamba ni mzoga, maana kuchinja kumetimia. Tunasema kwamba aliyewinda amebeba dhambi ya kuchukua amana ya watu, na anayenunua anamsaidia, nasi tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Isitoshe, muuzaji wa usiku hana ushahidi. Nani atamuuliza alimkuta hai au amekufa? Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba anayeyaepuka mambo yenye shaka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Anayetaka nyama ya porini atambue kwamba tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Hata huko aulize nani alichinja na kwa namna gani.

Tunaandika haya kwa uchungu. Yupo ndugu mmoja aliyesoma nasi madrasa, akaja kuwa dereva wa pikipiki. Jioni moja aliombwa kupeleka mzigo, akalipwa vizuri kuliko kawaida, hakuuliza. Alisimamishwa njiani. Aliyewinda hakupatikana, mwenye kula hakupatikana, akapatikana mbebaji. Mama yake hadi leo huja baada ya swala ya Ijumaa akasimama nje ya msikiti, akaomba tumkumbuke mwanawe katika dua. Tunamkumbuka. Na kila tunapomwona mama yule tunajiuliza ni nyumba ngapi zilizokuwa zikiusubiri mzigo ule, na kama wenye nyumba hizo wanaijua bei halisi ya kitoweo chao.

Walezi wetu, tunajua maisha ni magumu na watoto wanataka mboga. Lakini Mwenyezi Mungu (S.W.) ametupa ziwa. Aya ya 96 ya sura hiyo hiyo inahalalisha mawindo ya majini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Dagaa wa Muleba walioanikwa vizuri ni bora mara elfu kuliko paja la pongo linaloliwa mlango umefungwa. Ila na huko kokoro na sumu zimekatazwa, maana amana ni ile ile.

MANATI ZENU

Enyi wanafunzi, msije mkadhani tumewasahau. Tulisema tutalirudia sharti la tatu.

Jiwe la manati halikati, linagonga. Ndege aliyekufa kwa jiwe ni mawquudha, sawa na yule wa ubavu wa mshale, hata kama ulisoma Bismillahi. Ukimwahi yu hai ukamchinja, na awe wa kuliwa, hapo ni halali. Mtume (S.A.W.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kwamba haviui windo wala havimwumizi adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Kazi hiyo manati zinaifanya vizuri sana. Muulizeni yeyote aliyewahi kupigwa.

Tena amekataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea. Na safarini sahaba walipochukua makinda mawili, mama yao akaja akitapatapa juu yao, Mtume (S.A.W.) akauliza nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Mwaka huu tulikusanya manati kumi na moja langoni. Wenyewe waliziweka kwa hiari baada ya kuisikia hadithi hiyo, na mmoja akakiri kwamba alikuwa na makinda nyumbani. Alirudi kuyapeleka kabla ya Magharibi.

Na kwa kuwa tulianza na mti, tumalizie na mti. Kila msimu wa mafenesi mtoto huanguka. Aliyeanguka mwaka huu alivunjika mkono, Alhamdulillahi ameshapona. Wale wawindaji wa Marekani, pamoja na mikanda yao, hawapandi bila kamba. Sisi tunapanda mvua imetoka kunyesha, shina linateleza, panga mkononi. Msipande mti uliolowa. Msipande peke yenu. Msikanyage tawi kavu. Tundu la juu kabisa liachieni ndege.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, upinde si haramu, kuwinda si haramu, na nyama ya swala si haramu. Mtume (S.A.W.) alituonya tu kwamba anayefuata mawindo hughafilika. Kinachomfanya windo awe halali ni mipaka aliyoiheshimu mwindaji: jina alilotaja, makali aliyonoa, maji aliyoyashuku, ruhusa aliyoiomba, na mshale alioacha kuurusha. Atakayebisha hodi usiku na mfuko, mjibuni kwa upole kwamba nyumba hii hainunui, kisha mfungeni mlango kwa salamu. Na akivamia mnyama shamba lenu, pelekeni taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu Yake, na amfariji mama yule kwa kurudi kwa mwanawe. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mnyama wa porini huweza kuwa halali bila kuchinjwa kooni, na mbuzi hawezi?
2. Mshale uliopiga kwa ncha na uliopiga kwa ubavu vina tofauti gani? Manati inafanana na upi?
3. Nzohe amepigwa mshale akakutwa amekufa majini. Toa hukumu na sababu yake.
4. Eleza maana ya munkhaniqa, na utaje mtego unaosababisha kifo cha namna hiyo.
5. Aya ya 94 ya Suratul Maida inazungumzia mtihani gani? Taja kitu kimoja kinachofikiwa na mkono wako ambacho umeamriwa usikiguse.

Wabillahi tawfiq.